Nani Hanywi Leo

Unazi ulipanda juu kabisa, kama kila mwaka. Hapa Lihangule hakuna aliyewahi kumwona Mnazi, na tangu waangushwe inakaribia miaka mia mbili, lakini sauti ya kipimo ilipowataja, watu wote ukumbini walikunja uso, na wimbi kwenye kioo changu likapanda mpaka nikadhani litatoka nje ya fremu. Ukaburu wa Afrika Kusini nao juu. Biashara ya watumwa, juu. Wajerumani waliowanyonga wazee wetu kule Songea, juu, tena mama mmoja alitema mate sakafuni ikabidi nimkumbushe kwamba hapa si kwake. Walipotajwa wauaji wa Rwanda, mtu alitoka nje kutapika. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, nami nilishaanza kufikiria chakula cha mchana.

Kisha sauti ikasema: Serikali ya Nidhamu.

Watu wakacheka.

Sisemi walitabasamu. Walicheka mpaka viti vikalia. Kijana wa nyuma akauliza kwa sauti nzito ya kuigiza, "Nani hanywi leo?" na ukumbi mzima ukamnyooshea kidole fundi cherehani aliyekaa karibu na mlango, naye akajifanya kuzimia. Nilitazama kioo changu. Wimbi lilikuwa limelala chini, limenyooka. Lilikuwa chini ya mstari wa katazo, na kwa mbali. Nikakaa juu ya kreti la vifaa.

Mimi ni Gaudensia Kapinga, mpimaji wa Idara ya Kumbukumbu kwa milima hii, na wanaonijua watakwambia sina simile. Kipimo chenyewe si uchawi. Ni utepe mwembamba unaobandikwa nyuma ya sikio, unasoma jasho, unasoma koo linavyokaza na tumbo linavyogeuka. Mdomo unaweza kusema lolote, utepe hauna habari na mdomo. Chukizo likiwa kali mno, utepe wenyewe unapata moto, na mtu anausikia nyuma ya sikio. Sheria iliyouleta ilitungwa kwa sababu wanasiasa wa zamani walikuwa wakiitana Wanazi kila kukicha na kufungiana vyama kwa jina hilo, mpaka neno likachakaa. Ikaamuliwa basi miili ya wananchi ndiyo iseme. Utawala ambao miili bado inaukataa, chama chake ni marufuku, na bendera yake, na nyimbo zake. Ukishuka chini ya mstari, unafunguliwa. Wafuasi wake wakitaka kurudi, wanarudi, wanasajiliwa kama chama chochote.

Na mahali ambapo uovu ulitendeka panapewa uzito kuliko kwingine kote. Nidhamu ilitenda uovu wake hapa kwetu, katika ghala la kahawa lililoko bondeni. Nchi nzima ilikuwa juu kidogo tu ya mstari. Lihangule ikikaa chini, nchi inashuka nayo. Kuna watu walikuwa wakiisubiri siku hiyo, wanajiita Warejeshaji, na walikuwa wameshatundika kitambaa cha kijani, rangi ya Nidhamu, pale njia panda kabla hata mimi sijafungua kreti langu. Jamani, walitujua kuliko tulivyojijua.

*

Bibi yangu Osmunda hatembei siku hizi, kwa hiyo nilikwenda kumpima nyumbani, maana tunaishi pamoja. Nilikwenda na matumaini. Ndiye peke yake aliyebaki hai kati ya waliofungiwa ghalani; aliingia humo akiwa binti mdogo. Nikajisemea, hapa sasa wimbi litapanda, na nikimpata yeye nitapata hoja ya kupeleka makao makuu.

Nilimbandika utepe. Sauti ikataja Nidhamu. Bibi akaendelea kuchambua maharage. Wimbi halikusogea. Nilibandua utepe nikabandika mwingine, nikijua fika kwamba haukuwa mbovu, na wimbi likalala vilevile. Nilimuuliza bibi kama amesikia jina lililotajwa.

"Nimesikia," akasema. "Unataka nimchukie nani, Gaude? Silvanusi aliniletea maji mpaka akafa. Mwanawe akaniletea mpaka naye akafa. Sasa ananiletea Benigna. Nimeyanywa yote. Ningeyanywaje huku nachukia?"

Hapo sharti nieleze, maana mgeni hawezi kuelewa. Nidhamu ilipoanguka, walinzi wa ghala hawakuwa na pa kukimbilia. Walikuwa watu wa milima hiihii, na mashamba yao yamepakana na ya wale waliokuwa wamewafungia. Nyumba zikaanza kuchomwa. Wazee wakakaa, wakakumbuka kwamba Wangoni na Wahehe waliuana vibaya sana zamani, na leo ni watani, mmoja anamchukulia mwenzake kuku na hakuna kesi. Wakaamua koo za walinzi na koo za wafungwa ziwe watani kuanzia siku ile. Mtani humgusi. Mtani humpeleki polisi. Atakachokwambia unacheka, na wewe unamrudishia. Tena wakaongeza kwamba kila mlinzi achote maji ya chemchemi alfajiri na kumpelekea mtu aliyemnyima maji, na kizazi chake kiendelee hivyo hadi mtu yule afe. Bomba limefika hapa tangu sijazaliwa, lakini bibi hajawahi kunywa maji ya bomba. Anakunywa ya mkono wa ukoo wa Hyera tu.

Utani ukatuponya. Wao wanatuita wala maganda, kwa sababu ghalani watu walitafuna maganda ya kahawa. Sisi tunawaita washika vikombe. Kikombe cha bati cha mlinzi Silvanusi Hyera kipo mpaka leo, mkono wake umepinda, na kwenye kila harusi Benigna, mjukuu wake, anasimama nacho anauliza, "Nani hanywi leo?" Watu wanachagua mtu, wanamnyooshea kidole, naye anaanguka kwa kiu ya uongo mpaka anyweshwe ulanzi. Watoto wa Lihangule wanadhani ni mchezo wa harusi. Kusema kweli, hata mimi niliujua hivyohivyo. Nilijua watu walinyimwa maji. Zaidi ya hapo hakuna aliyeniambia.

Na Benigna ni rafiki yangu. Hakuna mtu duniani aliyenitukana kama Benigna Hyera, na hakuna niliyempenda kama yeye. Jumamosi ile mwanangu Kolumba alikuwa anamwoa binti yake, Yustina. Ilikuwa ndoa ya kwanza kabisa kati ya koo za pande hizo mbili, na padri alishaitangaza kanisani kwa mbwembwe zote.

Tulikuwa tumepona, na kupona kwetu ndiko kulikokuwa kunawafungulia mlango. Nililifikiri jambo hilo nikaona kichwa kinataka kupasuka.

*

Nilimpigia msimamizi wangu wa kanda. Naye alishtuka. Akasema kanuni inaniruhusu kurudia kipimo mara moja tu, kabla ya wiki kwisha, popote watu wa Lihangule watakapokusanyika. Akaniuliza taratibu kama vijana wa huku wanajua hasa kilichotokea ghalani. Nikamjibu wanajua utani wake. Akasema basi labda mtu awaambie bila utani.

Ni rahisi kusema ukiwa umekaa ofisini. Chukizo halina adabu, likiamka linagusa kila aliye karibu. Utepe haujui kumtenga babu na mjukuu. Mkusanyiko uliokuwa mbele yetu ulikuwa mmoja tu, harusi ya mwanangu. Nikiwaamsha watu pale, watamtazama Yustina kwa macho gani? Nisipowaamsha, Warejeshaji watakuwa na ofisi na bendera kabla mahindi hayajakomaa, na watakaofungiwa safari hii sijui watakuwa akina nani. Nilimkasirikia msimamizi, nikaikasirikia sheria, nikawakasirikia hata wazee waliokufa zamani kwa kutuponya vizuri kiasi kile.

Benigna alikuja jioni ileile. Kwa kawaida anaanza kututukana akiwa bado barabarani. Siku hiyo alifika kimya, akamwamkia bibi, akakaa chini. Bibi akamuuliza mshika kikombe anaumwa nini. Hakujibu utani.

Alisema Warejeshaji wamekwenda kwake kumwomba kikombe. Wanataka kukiweka kwenye kioo, mbele ya ofisi yao, pamoja na picha ya babu yake. Wameshaichora picha yenyewe, babu amevaa koti la kijani, ana uso wa ujana.

"Walinisalimia kwa heshima, Gaude," akasema. "Waliniita mama. Walisema mimi ni damu ya shujaa. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyeniheshimu kwa sababu ya babu yangu. Nilitaka kujikuna mwili mzima."

Nikamweleza habari ya kipimo. Nikamwambia kuhusu marudio, na kwamba nafasi pekee ni harusi. Alisikiliza akiangalia mikono yake. Kisha akasema kuna jambo ambalo babu yake alimwambia baba yake, na baba yake akamwambia yeye, ambalo kwetu halikusemwa kamwe. Nilipomuuliza ni lipi, akamtazama bibi.

Bibi aliacha maharage. "Akitaka kusema, aseme," akasema. "Mimi nimechoka kukaa nalo peke yangu."

Nikamuuliza Benigna, na watoto wetu je? Akasema watoto wetu, tukinyamaza, wataamka kila siku chini ya picha ya babu yake, na siku moja mmoja wao ataipenda. Kisha akaniuliza kama nitakuja na tepe. Alikuwa ananiachia mimi. Nikimwambia siji nazo, tungeimba na kucheza na hakuna ambaye angetulaumu, maana kipimo kilishapita na kilisema kweli.

Nilimwambia nitakuja nazo. Mpaka leo sijui kama nilisema kwa ujasiri au kwa mazoea ya kazi.

*

Harusi ilifana. Wanawake walicheza kioda mpaka vumbi likaingia kwenye pilau, ulanzi ulimwagika kama kawaida yake, na watu walinicheka nilipopita meza kwa meza kuwabandika tepe, wakisema Gaude atapima hata maiti yake mwenyewe. Mimi pia nilijibandika, maana na mimi ni mtu wa Lihangule. Bibi alikaa meza ya mbele kwenye kiti chenye mto. Kolumba na Yustina walikuwa wakilishana keki na kupakana uso, na niliwatazama nikasikia uchungu kana kwamba nazaa upya.

Benigna akasimama na kikombe. Ukumbi ukapiga vigelegele. Alingoja vikatulia, na alipoanza kusema hakuigiza ile sauti nzito. Alisema kwa sauti yake ya kila siku.

"Leo sitanii," akasema.

Watu wakacheka zaidi. Aliendelea kusimama palepale mpaka kicheko kikaanza kukatika, meza moja, halafu nyingine.

Akasema babu yake, Silvanusi Hyera, alikuwa akiingia ghalani kila asubuhi na ndoo ya maji na kikombe hiki. Mlinzi hakuwa akichagua wa kunyimwa. Hilo ndilo ambalo hamkuambiwa, akasema. Nidhamu ilikuwa na akili kuliko hivyo. Mlinzi alikuwa anauliza swali moja, na wafungwa wenyewe ndio waliochagua, kwa vidole. Aliyenyooshewa vidole vingi hakunywa siku ile, wala siku iliyofuata, mpaka afe au achaguliwe mwingine. Wasipochagua, hakunywa mtu yeyote. Siku za mwanzo walikataa wote. Halafu mtoto mmoja akafa kwa kiu mikononi mwa mama yake, na asubuhi iliyofuata vidole vikanyanyuka. Walianza kuwanyooshea wageni wa wilaya nyingine. Wageni walipokwisha, wagonjwa. Kisha wazee. Babu alimwambia baba kwamba hakuwahi kumpiga mtu hata kofi. Alikuwa akiuliza tu, kwa upole, kisha anangoja.

Hakuna aliyecheka.

"Kisha wakabaki watoto," Benigna akasema. Akainua kikombe, akauliza lile swali ambalo tumelicheka maisha yetu yote. "Nani hanywi leo?"

Ukumbi ule ule, vidole vile vile vilivyonyooka kwa fundi cherehani siku mbili nyuma, na hakuna kilichosogea. Watu walikuwa wamekumbatia mikono yao. Nilidhani yamekwisha. Kisha nikaona mkono mwembamba unanyanyuka meza ya mbele.

Alikuwa bibi. Alinyoosha kidole pembeni yake, chini, mahali pasipo na mtu, kwa kimo cha mtoto mdogo.

"Kristina," akasema.

Nilijua bibi alikuwa na mdogo wake jina hilo aliyefia ghalani. Tunamwombea kila Novemba. Sikujua kwamba aliyemnyooshea kidole alikuwa yeye.

Utepe ulinichoma nyuma ya sikio. Niliona watu wakishika masikio yao ukumbi mzima, na kwenye kioo changu wimbi likaruka, likaupita mstari wa katazo, likaupita ukaburu, likapanda kuliko Unazi. Sijawahi kuona kitu kama kile katika miaka yangu yote ya kazi. Watu waliinuka wakitapika hovyo, wengine wanalia, na fundi cherehani alikuwa amekaa chini sakafuni safari hii kweli, amejifunika uso kwa mikono. Yule kijana wa nyuma alikuwa anajitazama kidole chake.

Nilibonyeza kutuma. Ikaenda. Nidhamu ilibaki marufuku, na ofisi yao haikufunguliwa. Nikainua macho kumtafuta mwanangu.

Yustina alikuwa bado na krimu ya keki shavuni. Alikuwa amemgeukia Kolumba, amemwinulia mkono, nadhani alitaka amshike. Na Kolumba, mwanangu mimi, ambaye alimpenda binti yule tangu darasa la tatu, alisogeza kiti. Kidogo tu. Alipogundua alichofanya alikirudisha mbiombio, akamshika mkono kwa nguvu, akamwambia maneno mengi ambayo sikuyasikia. Lakini Yustina alikuwa ameshaona.

*

Usiku ule bwana harusi alilala kwangu na bibi harusi akalala kwa mama yake. Walisema ni uchovu. Bibi Osmunda alilala uso ukiwa ukutani. Niliwaza nimpe pole, nikaona pole haitoshi. Kila nilipomwangalia nilikiona kile kidole. Nampenda bibi yangu, alinilea, na niliogopa kumgusa.

Alfajiri nikasikia hatua za Benigna njiani. Nilifurahi, haki ya Mungu. Nikasema, amekuja, kwa hiyo mambo yatakaa sawa. Nilifungua mlango kabla hajabisha. Alikuwa na ndoo kichwani, macho yamevimba, na kanga ileile ya harusini. Akajikaza, akatoa ile sauti yake ya kuamshia mtaa.

"Wala maganda," akasema, "mpaka saa hizi hamjaamka?"

Zamu yangu ilikuwa hapo. Ilikuwa nimwambie mshika kikombe amechelewa, maji yamepoa, na sura yake imefanana na jogoo wa padri, au lolote, matusi ninayo tele, nimekuwa nikimtukana tangu tunavaa chupi za shule. Nilifungua mdomo. Nikaona mkono wake umeshika ukingo wa ndoo, maji yanacheza humo ndani, na nyuma ya sikio langu utepe, ambao kwa pilikapilika zote nilisahau kuubandua, ukaanza kupata moto.

Nilitafuta tusi. Nililitafuta kweli.

"Karibu, mama," nikamwambia. "Habari za asubuhi."

Benigna alinitazama. Alishusha ndoo taratibu, akaiweka kizingitini, akaifuta ukingo kwa ncha ya kanga.

"Nzuri, mama," akanijibu, kwa heshima ileile, akageuka akaondoka.